Kidato cha pili wanakariri sheria za Newton ila hawazielewi, labu hatuna, nifanyeje?

ticha_wa_kata
Habari za jioni wadau, hasa walimu wa sayansi. Nafundisha fizikia sekondari moja ya kata, kidato cha pili wako 74 darasa moja, labu haijaisha kujengwa, nina rula mbili za mita na mizani moja ya springi ambayo springi yenyewe ishalegea. Shida yangu ni topiki ya mwendo na kani (force, yaani msukumo au mvuto). Kukariri wanakariri, ukimsimamisha mtu sheria ya kwanza ya Newton (kitu huendelea kutulia au kwenda vilevile mpaka kani ikibadilishe) anaimwaga yote kwa kiingereza hakosi hata neno, ila muulize jiwe nililorusha juu likishatoka mkononi nini kinalisukuma, anakwambia lina nguvu ya mkono, ikiisha ndo linashuka. Na darasa zima wanaitikia ndiyo. Jana nikadondosha mawe mawili, moja kama ngumi jingine kama goroli, yametua pamoja kabisa, wao wakaniambia kubwa limetangulia! Usiku nimelala nawaza hilo tu. Mwenye mbinu za vitendo kwa vitu vya mtaani naomba anisaidie, sitaki wavuke mtihani halafu kichwani hamna kitu.

mama_vekta
Pole mwalimu. Hao hawakukudanganya, mtu huona anachokitegemea, na jiwe likitoka mita 1.25 linatumia nusu sekunde tu, jicho halina nafasi. Wasikilizishe badala ya kuwaonesha. Tafuta kipande cha bati kikuukuu ukilaze chini, waambie wafumbe macho wahesabu milio. Wakisikia "kwa!" moja ubishi umeisha.

Halafu hapohapo endelea na bati hilo, hii ndo ninayoipenda kuliko zote. Omba nati tano kwa fundi baiskeli na uzi mrefu wa kushonea viatu. Uzi wa kwanza funga nati kwa nafasi sawa, kila sentimita 40: 0, 40, 80, 120, 160. Shika juu nati ya chini iguse bati, achia. Watasikia milio inazidi kukaribiana, maana za juu zinafika zikiwa na kasi zaidi. Uzi wa pili funga 0, 10, 40, 90, 160, na hapo watasikia kwa-kwa-kwa-kwa, mapigo sawa kama ngoma, moja ikipita nyingine kwa kama sekunde 0.14. Sasa waulize kwa nini 10, 40, 90, 160, waandike 1, 4, 9, 16 ubaoni wenyewe. Muda ukiwa mara mbili umbali ni mara nne, wameupata kwa masikio kabla hujagusa fomula. Ila usiwape namba mapema, waache wahangaike kusogeza nati hadi mapigo yalingane.

kimbia_silabasi
Natofautiana kidogo na dada hapo juu. Mimi pia niko darasani, periodi zenyewe haba, silabasi ndefu, na mtihani hauulizi nati. Kwa wanafunzi 74 ukianza kugawa nyuzi kengele inagonga hujaandika hata kichwa cha somo. Bora awape maswali mengi ya kukokotoa wazoee.

mama_vekta
Nakuelewa mwalimu mwenzangu, hofu hiyo nilikuwa nayo. Ila mimi hii kazi inanichukua periodi mbili, na baadaye maswali ya kukokotoa yanaenda haraka kwa sababu mtoto anajua anatafuta nini. Zamani nilikuwa naanza na fomula, narudia topiki hiyohiyo mara tatu. Na nyuzi 74 hazihitajiki, makundi ya wanane wanane yanatosha.

Mzee_Chaki
Nimestaafu lakini mada hii imenigusa. Mwalimu, kwanza angalia neno. Mtaani "nguvu" ni kila kitu: nguvu za mwili, nguvu za umeme, nguvu ya dawa, na kitu chenye nguvu huwa nayo ndani yake mpaka imwishie. Mtoto anaingia darasani na picha hiyo, ndiyo maana anaweka nguvu ya mkono ndani ya jiwe. Sema kani, na kila wakitaja kani waulize nani anamsukuma nani. Kama hawezi kumtaja msukumaji, hakuna kani. Waache wajadili kwa Kiswahili kwanza, kiingereza cha kuandika kije baadaye.

Pili watoe nje. Chora duara uwanjani, mwanafunzi akimbie na jiwe mkononi, asilirushe, aliachie tu, lidondoke ndani ya duara. Kabla hajakimbia kila mtu asimame pale anapoamini aachie: kabla ya duara, juu yake, au akishapita. Usiruke hatua hiyo, mtu akishasimama mahali ana deni la kujua. Wengi watasimama juu ya duara na jiwe litaangukia mbele hatua mbili. Nani kalisukuma mbele wakati mkono umeshaachia? Hakuna. Lilikuwa linakwenda, likaendelea kwenda, kama abiria wa daladala dereva akifunga breki.

Wakikuuliza mbona karatasi inachelewa, ilaze juu ya daftari lililo kubwa kuliko yenyewe udondoshe pamoja, itashuka nalo kwa sababu hewa imezuiwa. Kisha wahadithie kuwa mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya mwezini, kusiko na hewa, vikatua pamoja.

ticha_wa_kata
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Narudisha majibu maana nimefanya juzi na leo. Bati nimeazima kwa jirani anayejenga. Mawe mawili wamesikia mlio mmoja, wakanirudishia nirudie mara sita, wengine wakaja kuchagua mawe wenyewe waone kama nimeyatega. Nati sikuwapa namba, kundi moja la nyuma, wale ambao huwa kimya, wakafika 11, 42, 95 kwa kusikiliza tu, nikapima na rula mbele ya darasa mkono unanitetemeka kwa furaha.

Leo tumetoka nje. Wakimbiaji watano wa mwanzo wote jiwe limepita duara. Wa sita akaachia mapema, likaingia, wakapiga kelele mpaka mkuu akachungulia dirishani. Kimbia_silabasi ni kweli nimekula periodi tatu si mbili, nitafidia jioni. Ila tunarudi darasani binti mmoja akasimama akauliza, kwa hiyo mwalimu lile jiwe la kurusha juu, mkono ulishaliacha tangu chini? Sikujibu, nikakaa kwenye deski la mbele, wenzake wakaanza kumjibu.