Dixit Dominus ya Handel: ni Zaburi ya 109 au ya 110? Na sauti mbili zinazogongana

Mwalimu wa kwaya, Katuba, Lubumbashi

Jambo ndugu zangu. Sisi ni kwaya ya parokia, watu 27, kinanda kimoja. Umeme ukikatika tunachukua sauti kwenye diapazoni, kile chuma cha kutoa nota, na kuendelea. Tangu mwezi uliopita tunajifunza Dixit Dominus, zaburi ya Kilatini aliyoitungia muziki Handel. Si yote, maana inataka sauti tano na pumzi ambayo bado hatuna. Tumechukua kipande kimoja cha karibu na mwisho, De torrente.

Jumamosi papa mmoja wa sauti ya nne, mzee tunayemheshimu sana, aliona karatasi imeandikwa "Psalmus 109". Akafungua Biblia yake ya Kiswahili hapo 109 na kutusomea: siku za mtu ziwe chache, watoto wake wawe yatima. Akaifunga. "Mwalimu, unatuimbisha laana kanisani?" Watu wote kimya. Nilijua kuna maelezo, lakini hayakunijia mdomoni.

La pili ndilo linaninyima usingizi. Dada wawili wanaoimba zile sauti mbili za juu, soprano zote mbili, wanafika mahali mmoja ameshika nota, mwenzake anaingia karibu yake kabisa, hatua moja tu, na zinakwaruzana. Hapo kila mara mmoja anateleza kwenda kwa mwenzake. Nimewasimamisha pembe mbili za kanisa, wapi! Mmoja akaniambia: "Mwalimu, nikibaki pale ninasikia kama nimekosa, ninapata haya." Masikio yake ni mazuri, ninamfahamu tangu akiwa mtoto. Ni haya tu. Nifanyeje?

Msomaji wa masomo, Bukavu

Mwambie papa kwamba alisoma vizuri, ila vitabu viwili vinahesabu tofauti. Kilatini kilifuata hesabu ya Kigiriki, ambako Zaburi ya 9 na ya 10 ni wimbo mmoja. Toka hapo kinabaki nyuma kwa namba moja karibu mpaka mwisho. Basi 109 ya Kilatini ni 110 katika Biblia yake, ile ya "Uketi mkono wangu wa kuume". Kwa karne nyingi zaburi hiyo ndiyo iliyofungua masifu ya jioni ya Dominika.

Kipande chenu ni mstari wa 7: atakunywa maji ya mkondo njiani, kwa hiyo atakiinua kichwa chake. Mistari ya juu yake ni vita na maiti. Hapa mfalme anainama mtoni anywe. Wasomee waimbaji mstari huo kwa Kiswahili kabla hawajafungua mdomo.

Mama wa sauti ya pili, Goma

Mwalimu, usiwatenganishe! Waketishe benchi moja, bega kwa bega. Tulipoimba De torrente sisi wa sauti ya pili, yaani alto, tulikaa kimya, kwa sababu hatuna kazi pale, na kwa kusikiliza ndipo nilipoelewa.

Anayeshuka ni yule aliyekuwa ameshika nota kwanza. Mwenzake amekuja kumbana. Ni kama umeketi kwenye benchi na mtu akaja kubanana nawe: wewe uliyetangulia ndiye unayesogea. Lakini usisogee haraka. Waanze bila maneno, kwa "u" tu. Wakigongana, wasimamishe hapo hapo, uhesabu mpaka nne. Watasikia kifua kinatetemeka. Kisha wa kwanza ashuke, polepole. Rudia mara kumi. Siku wakingoja mgongano wenyewe, haya imekwisha.

Handel aliandika hivyo Roma mwaka 1707, kijana wa miaka 22, Mluteri akiitungia muziki zaburi ya Kilatini. Kila mgongano ameuweka kwa makusudi, na ni uchungu kabla ya maji. Wa tenori na wa besi usiwagawanye: wana mstari mmoja, *propterea exaltabit caput*, yaani "kwa hiyo atakiinua kichwa", waushike kwa sauti ya chini. Kinanda kirudierudie akordi, zile nota zinazopigwa pamoja, bila kukazia.

Besi, Kamalondo

Mkimaliza, mjaribu Conquassabit, kipande kingine cha Dixit hiyo hiyo. Kila silabi inapigwa peke yake, kon, kwas, sa, bit, kama mama anayetwanga sombe: mchi unapanda, unatua, na katikati hakuna kitu. Wetu walikuwa wanaunganisha silabi mpaka tulipoleta kinu kwenye mazoezi.

Mwalimu wa kwaya, Katuba, Lubumbashi

Aksanti sana. Jana nimewaketisha benchi moja. Mara ya sita walibaki kwenye mgongano mpaka nikasahau kuhesabu, na yule wa kwanza akashuka bila mimi kumwonyesha. Papa alikuwa nyuma yao, Biblia imefunguka kwenye 110, kidole kwenye mstari wa 7. Akasema: "Rudieni."

Kinu nitakiomba kwa dada yangu.