Ski za piezo au za Titanal na mpira: nichukue zipi?

Mteremko_Tirol: Wakuu, salamu kutoka Innsbruck, Tirol, huku Austria. Nataka kununua ski kabla msimu haujafunguliwa. Nimebaki na jozi mbili: za kampuni ya HEAD zenye mfumo wa EMC, yaani piezo, na nyingine zenye mabati mawili ya Titanal (aloi ya alumini) na utepe wa mpira ndani. Shida yangu ni mtetemo. Asubuhi theluji ikiwa imeganda, ncha zinatetema mpaka magoti yanauma. Nichukue zipi?

BintiKilifi: Kaka, uzito wako? Kona ndefu au fupi? Bajeti? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Fundi_Zürich: Nakazia. Ila piezo si mchezo. Ni nyuzi za kauri zinazotoa umeme zikipindwa, zimewekwa mbele na nyuma ya mahali buti linapokaa. Ski ikitetema, sakiti inapokea ule umeme na kuugeuza joto, mtetemo unapungua. Betri haina. Ski za K2 Four za katikati ya miaka ya 1990 zilikuwa nayo, na taa nyekundu juu. Bode Miller, bingwa wa ski wa Marekani, alizoa ushindi kwenye mbio za vijana Marekani mwaka 1996 akiwa nazo.

Mzee_wa_Titanal: Bode alishinda kwa umbo la ski, kiuno chembamba na ncha pana. Taa haikumkatia kona. Mimi ni wa Titanal: uzito wa bati unatuliza ski, mpira unameza mtetemo, hakuna sakiti ya kufa.

Nilinunua za piezo zilizokwisha tumika, duka silitaji. Kwa macho safi kabisa. Nikapiga jiwe, kingo ya chuma ikaachia pembeni. Dukani wakapaka gundi, wakaniambia zimepona. Maji yakapenya, usiku yakaganda, tabaka likaanza kuachana. Ukigonga kwa kidole unasikia uwazi ndani. Siku nashuka mteremko mgumu, ya kushoto imetulia, ya kulia inapiga kelele kama bati la paa lililolegea. Ikanitupa kwenye wavu. Kurudi dukani naambiwa sakiti haitengenezwi, ninunue mpya. Nilikasirika mno.

BintiKilifi: Pole sana mzee. Lakini kilichokuangusha ni gundi. Titanal nayo ikiingia maji inabanduka, na bati likishapinda halirudi.

Snobodi_Oslo: Mbona hamtaji Renoun, watengeneza ski wa Vermont, Marekani? Wanaweka polima inayobaki laini ukienda taratibu, ikipigwa kwa kasi inakakamaa. Ningependa kuiona kwenye snobodi.

Fundi_Zürich: Wazo zuri, ila mwenzetu yuko Tirol. Anunue anachoweza kukijaribu kwanza.

Mteremko_Tirol: Kilo 92, kona ndefu. Bajeti nitasema baadaye.

Mzee_wa_Titanal: Kilo 92! Titanal, basi. Hata Sabrina Simader, Mkenya wetu wa kwanza kwenye theluji, hakuhitaji taa.

Snobodi_Oslo: Wa kwanza ni Philip Boit, Olimpiki ya Nagano 1998. Mnorway Bjørn Dæhlie alishinda ile kilomita 10 kisha akamsubiri mstarini amkumbatie. Huku Norway bado wanaisimulia.

Mzee_wa_Titanal: Boit alikuwa ski za nyika. Nasema za kushuka mlima, PyeongChang 2018.

BintiKilifi: Hapo mzee yuko sahihi, na Sabrina ni wa Kilifi.

Mteremko_Tirol: Jamani, ski zangu! Urefu je, sentimita 170 au 177?

Fundi_Zürich: Bajeti kwanza, ndugu.