Wakuu naomba ushauri: nataka swichi na soketi janja, ila mama lazima aweze kuwasha kwa mkono. Nianzie wapi kabla ya plasta?

Mjenzi wa Kibaha (mtoa mada)

Habari zenu wakuu, natumai wote wazima.

Najenga Kibaha, nyumba imeshapauliwa, fundi umeme ameshachimba kuta na kulaza mapaipu ila waya bado hajavuta, na plasta inaanza wiki ijayo. Ndo maana nina haraka, najua plasta ikishapita kila badiliko ni nyundo na hela.

Sababu kubwa ya uzi huu ni mama. Ana miaka 74, magoti yanamsumbua na macho ya usiku hayapo tena, namchukua toka Korogwe aje tukae nae. Nilipoenda kumuona mwezi wa nne nililala chumba cha pili, saa tisa usiku nikamsikia anatoka, hakuwasha kitu, anapapasa ukuta kwa kiganja mpaka kwenye fremu ya mlango, anasimama, anapumzika, anaendelea. Swichi ya korido iko upande wa sebuleni, yani ili awashe taa lazima kwanza avuke giza lote. Toka siku hiyo sina amani.

Sasa ninavyotamani ni hivi, niambieni kipi kipo na kipi hakipo. Swichi ambayo kwa kuiangalia ni ile ile ya mraba tuliyoizoea, unabonyeza inalia "ta", siyo ile ya kioo cha kugusa maana vidole vya mama vimekomaa kwa jembe na hata simu ya kugusa inamkatalia, lakini ndani iwe janja niweze kuizima nikiwa kazini. Taa ya korido na ya choo ijiwashe akishusha miguu kitandani, mwanga mdogo wa njano usiomuumiza macho. Alafu soketi ya friji ambayo umeme ukirudi inasubiri dakika kadhaa ndo ipeleke, na umeme ukiwa mkubwa au mdogo mno inakata, yani friji gadi iwe ndani ya ukuta. Na vyote vifanye kazi hata bando likiisha.

Shemeji yangu yuko Marekani alinitumia swichi nne kwa moyo mzuri kabisa, tukajaribu moja kwa fundi, sekunde chache ikatoa moshi. Zimebaki tatu kwenye boksi. Nawasilisha.

Fundi Nyutro

Mkuu hizo tatu usiziguse. Marekani umeme wa majumbani ni volti 120, sisi 230, kwa hiyo kifaa kilichoandikwa 120V peke yake hapa kinaungua tu. Geuza nyuma usome, ukikuta 100-240V hiyo inakubali, na hata ikikubali bado umbo lao ni refu jembamba, haliingii kwenye boksi zetu za mraba. Mwambie shemeji akitaka kutuma tena atafute za Uingereza, soketi zetu na zao ni zile zile za pini tatu na swichi zao zinakaa kwenye boksi zetu.

Kubwa kuliko yote ni NYUTRO, ule waya wa kurudisha umeme. Mafundi wengi tumezoea kushusha laivu (waya unaoleta umeme) mpaka kwenye swichi inarudi juu kwenye taa, nyutro inabaki huko huko darini inaenda kwenye taa moja kwa moja. Swichi ya kawaida haina shida na hilo, ila swichi janja ndani ina kakompyuta kadogo kanakohitaji umeme muda wote hata taa ikiwa imezimwa, na bila nyutro hakapati. Zipo zisizohitaji nyutro, zinapitisha umeme kidogo sana kupitia taa yenyewe, ndo hapo unakuta balbu ya LED imezimwa lakini inawaka kwa mbali usiku kucha au inapepesa, mpaka ufunge kapasita (kikifaa kidogo cha kumeza huo umeme mdogo) kwenye taa. Kwa nyumba ambayo waya haujavutwa hakuna sababu ya kujitesa hivyo, vuta nyutro kila boksi la swichi hata ambalo huna mpango nalo leo.

Na kabla ya plasta badilisha maboksi, weka yenye kina, milimita 47 ukipata. Hilo ndo la wiki hii, waya unaweza kusubiri.

Bint Pwani

Nakazia hapo kwenye maboksi. Unachokitamani mtoa mada kipo tayari na ni rahisi, siyo swichi, ni relei (kifaa kinachowasha na kuzima umeme chenyewe kikipewa amri) ndogo kama kiberiti inakaa nyuma ya swichi yako ya kawaida. Sonoff na Shelly wote wanatengeneza. Mama anabonyeza swichi yake anasikia "ta" kama alivyozoea, wewe unaiona kwenye simu. Bando likiisha au ruta ikizimika swichi ya ukutani inaendelea kuwasha taa maana imeungwa kwa waya kwenye relei. Ila boksi likiwa fupi fundi ataikandamiza humo na waya zote, sijapenda hata kidogo nilivyoona kwangu.

Wanjiku wa Ruaka

Mimi nilianza na balbu za waifai na nikajuta. Balbu inataka swichi ya ukutani ikae on daima, sasa mgeni akiizima kwa ukuta ile balbu imekufa, simu inasema haipatikani. Na ile siku stima zilirudi saa nane usiku, nyumba nzima iliwaka kwa nguvu yote, watoto wakaamka wakilia. Kwa apu kuna mahali pa kuchagua balbu ifanye nini stima zikirudi: iwake, ikae imezima ama irudi ilivyokuwa. Weka hiyo kwanza siku ya kufunga, kabla hujacheza na marangi.

Mzee Kijiko

Samahani vijana, mnampeleka mbali. Mama anahitaji swichi ya tu-wei, yani swichi mbili za taa moja, moja kando ya kitanda na moja mwisho wa korido. Haihitaji simu wala ruta, na paipu bado ziko wazi. Mimi namtunza baba yangu, kilichomsaidia ni hicho na kataa ka sensa ka kuchomeka kwenye soketi karibu na sakafu.

Mjenzi wa Kibaha (mtoa mada)

Mzee wangu shikamoo, nimekuelewa sana na hiyo tu-wei naiweka bila kujadili. Kumbe nilikuwa nafikiria simu yangu zaidi ya mkono wake. Sensa vipi, za chooni zinafaa?

Fundi Nyutro

Chooni uwe makini. Sensa za bei ya chini zinaona joto la mwili linapotembea, mtu akikaa ametulia zinaona hakuna mtu. Mama ameketi, dakika mbili, giza. Na mtu wa magoti kusimama gizani ndo anguko lenyewe. Chukua sensa ya rada inayotambua mtu aliyepo hata akiwa ametulia, au hiyo hiyo ya joto uiweke muda mrefu, robo saa kwa mfano. Rada inataka umeme wa waya, kwa hiyo mwambie fundi aache pointi darini.

Soketi ya friji ya kukaa ukutani yenye hayo yote kwa pamoja mimi bado sijaishika kwa mkono wangu. Ninachofunga ni kifaa cha kulinda volti kwenye DB (boksi kuu la kugawia umeme wa nyumba), kwenye laini ya friji peke yake, kinakata na kinachelewesha kurudisha, chengine unasomea kwenye simu. Kwa hiyo friji ivutiwe waya wake toka DB, isichangie na soketi nyingine. Ule ucheleweshaji ni wa muhimu kweli, kompresa ikizimwa na kuwashwa hapo hapo inakuta gesi bado ina presha, inahangaika kuanza na inaweza kuungua.

Na hita ya maji usiipitishe kwenye soketi janja ya kuchomeka. Kilowati 3 kwa volti 230 ni ampia 13, ndo mwisho wa plagi yenyewe, saa nzima hivyo inachemka. Hita iwe na laini yake na swichi yake ya ampia 20, ukitaka kuiongoza kwa simu tumia kontakta (swichi kubwa ya umeme mwingi inayoendeshwa na umeme mdogo) kwenye DB. Fundi awe na leseni ya EWURA tafadhali.

Bint Pwani

Nyongeza, vifaa vingi vya waifai vinashika masafa ya 2.4GHz tu, simu ikiwa kwenye 5GHz wakati wa kuunga mtahangaika mchana kutwa. Na ruta iwekee betri ndogo ya akiba.

Mjenzi wa Kibaha (mtoa mada)

Nimetoka saiti sasa hivi. Maboksi yote ya swichi yanabadilishwa kesho asubuhi, na kwa mama tumepima akiwa amelala mkono unafika wapi, tumetumia mke wangu maana kimo wanalingana, swichi inakaa sentimita 70 toka sakafuni. Fundi alitaka kuiweka juu kama za vyumba vingine, nimekataa. Nyutro kila boksi, friji waya wake, choo pointi ya darini. Napiga picha kila ukuta kabla ya plasta nijue paipu zimepita wapi.

Za shemeji nimemwandikia asitume tena, nimempa vipimo vya boksi letu.

Mzee Kijiko

Marahaba. Hiyo ya kitandani chukua yenye kataa kadogo kekundu, aione gizani.