Naomba ushauri: mwanafunzi mwenye uoni hafifu darasani

Habari zenu walimu wenzangu. Nafundisha darasa la nne, watoto 87, mmoja ana ualbino. Nimemkalisha dawati la mbele, mbali na dirisha maana mwanga unamuumiza, lakini ubaoni bado haoni. Anainuka, anasogeza uso hadi pua inakaribia kugusa chaki, anarudi kuandika neno moja, anainuka tena. Wenzake wanalalamika anawakinga. Roho inaniuma sana.

Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huwapa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa na muda wa ziada, ila mtihani ni wa siku chache. Mimi niko naye kila siku. Nimeanza kusoma kwa sauti kila ninachoandika. Wenye uzoefu, Hisabati mnafanyaje, hasa maumbo? Na maandishi makubwa mnayapataje kwenye shule isiyo na printa?