Picha ya babu nje ya New Stanley, Nairobi: je, jengo ni lile lile?

Mjukuu_wa_Kaloleni:
Habari zenu wazee na wenzangu. Babu alikuwa weita mjini na alikaa Kaloleni mpaka alipostaafu. Tumebaki na picha yake moja: amevaa kanzu nyeupe, mshipi mwekundu kiunoni, anacheka. Bibi husema ilipigwa nje ya New Stanley mwaka 1956. Sasa nikipita Kimathi Street naona hoteli inaitwa Stanley tu, na watu wanasema ni ya 1902. Je, hii ndiyo aliyofanyia kazi babu? Ningependa kusimama pale pale aliposimama.

Dereva_Mstaafu:
Mwanangu, pole kwa kuondokewa na mzee. Mimi nimeegesha teksi upande ule miaka 31, wageni wameniuliza swali lako mpaka nikalitafutia majibu.

Hiyo 1902 ni umri wa jina, siyo wa mawe. Mama mmoja Mwingereza, Mayence Bent, alianza na vyumba vya kulala wageni juu ya duka, Victoria Street, ambayo leo ni Tom Mboya. Nairobi yenyewe ilikuwa na miaka 3 tu, mji wa mabati na matope ya reli. Mwaka 1905 moto ukateketeza mtaa ule. Akahamia Government Road, yaani Moi Avenue ya sasa, na mwaka 1913 ndipo akafungua hoteli pale unapoiona, pembeni mwa Kimathi na Kenyatta Avenue. Enzi za babu yako zikiitwa Hardinge Street na Delamere Avenue. Akaiita New Stanley, na sisi wazee hilo "New" halijatutoka mdomoni. Kwa hiyo ndiyo, babu yako alifanya kazi hapo hapo, ingawa ghorofa zimeongezwa na sura imebadilika sana.

Kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Abraham Block, Myahudi aliyefika nchini 1903 akiwa hana kitu, inasimuliwa kwamba alimshonea Bi. Bent magodoro, akayajaza nyasi kavu. Mwaka 1947 Block huyo huyo akainunua hoteli. Babu yako aliajiriwa na mshona magodoro! Nikiwasimulia wageni kisa hiki, wanasahau foleni.

Karatasi_za_Kale:
Naongeza jambo ambalo halipaswi kusahaulika. Soko la hisa la Nairobi liliandikishwa 1954, na madalali wake walikuwa wakikutana kwenye hoteli hiyo. Waafrika na Wahindi hawakuruhusiwa kununua wala kuuza hisa mpaka baada ya uhuru. Fikiria babu na trei yake, anapita kati ya watu wanaopeana bei za mashamba ya chai, na sheria inamwambia hayamhusu. Mimi nasema picha yake ina haki ya kutundikwa ukutani kama ya gavana yeyote.

Dereva_Mstaafu:
Umesema kweli kabisa. Na wewe mjukuu, hebu itazame tena hiyo picha. Kuna meza nje? Kuna mti? Mkahawa wa Thorn Tree ulifunguliwa 1959, na katikati yake ulikuwapo mgunga. Wasafiri walikuwa wakibandika barua kwenye shina: "Nimeelekea Kampala, nifuate." Simu za mkononi zilikuwa bado, basi mti ndio uliokuwa posta yao. Mgunga wa sasa ni wa tatu, usije ukaukumbatia ukidhani ni ule wa babu.

Mjukuu_wa_Kaloleni:
Mzee wangu, asante sana. Nimeipeleka picha dirishani. Meza zipo mbili, moja ina kikombe. Na nyuma ya bega la babu, mahali tulipodhani pamekwaruzika, kuna shina jembamba na kitu cheupe kimebandikwa juu yake, kama bahasha.

Basi haikupigwa 1956. Tuliuandika mwaka huo kwenye kijitabu cha mazishi. Jioni hii namwendea bibi na picha mkononi, nimuulize upya.