Mrejesho: nikikanyaga breki, taa ndogo zinawaka zenyewe

Wakuu habari, niliuliza kwa nini nikikanyaga breki taa ndogo zinawaka kidogo wakati swichi nimezima na indiketa ya kushoto nyuma inafifia. Tatizo ni ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Fundi waya hapa Nyakato katoa taa ya nyuma, ile bolti inayoshika waya mweusi kwenye bodi imeliwa na kutu kabisa, sasa globu ile ina nyuzi mbili, wati 21 ya breki na 5 ya taa ndogo, zinatumia ethi moja, ikikatika umeme wa breki unapitia kwenye uzi wa taa ndogo kutafuta njia nyingine. Kapiga msasa, kakaza, zinawaka safi! Fyuzi msizinunue kwanza jamani, anzeni na ethi.