Mjadala: Je, ilikuwa haki Ted Williams kuondoka na homurani ilhali michezo mitatu ilikuwa imebaki?

Mtoa mada:
Ndugu wadau, tarehe 28 Septemba 1960, katika uwanja wa Fenway Park mjini Boston, Ted Williams wa timu ya Red Sox, akiwa na umri wa miaka 42, aliupiga mpira uliorushwa na Jack Fisher wa timu ya Baltimore Orioles na kupata homurani yake ya 521, nayo ikawa zamu yake ya mwisho ya kupiga katika ligi kuu ya Marekani. (Kwa wasioufuatilia mchezo wa besiboli, homurani ni pigo ambalo kwa kawaida huuvusha mpira juu ya uzio, na mpigaji akazunguka vituo vyote bila mtu wa kumzuia.) Watazamaji walimwita kwa kelele atoke awasalimu kwa kuvua kofia, naye hakutoka. Jambo hilo la kofia limekwisha kujadiliwa vya kutosha. Ninalotaka tulijadili ni kwamba msimu ulikuwa bado haujaisha: Red Sox walikuwa na michezo mitatu New York, na Williams hakwenda.

Msimamo wangu ni kwamba alipaswa kwenda, na hoja yangu naitoa katika maisha yake mwenyewe. Tarehe kama hiyo hiyo, mwaka 1941, aliamka akiwa na wastani wa upigaji (yaani mapigo ya mafanikio yakigawanywa kwa zamu za kupiga) wa 0.39955, ambao vitabuni ungeandikwa 0.400. Kocha wake, Joe Cronin, alimruhusu akae benchi ili asiuhatarishe. Williams alikataa, akacheza michezo yote miwili ya siku hiyo mjini Philadelphia, akafanikiwa mara sita katika zamu nane, akamaliza msimu kwa 0.406. Tunamsifu hadi leo kwa sababu hakukubali kulinda hesabu kwa kukaa pembeni. Iweje basi tumsifu pia kwa kukaa pembeni mwaka 1960?

Mchangiaji wa kwanza:
Mtoa mada unalinganisha mambo mawili yasiyolingana. Mwaka 1941 alikuwa kijana wa miaka 23 na kulikuwa na kitu cha kushindaniwa. Mwaka 1960 Yankees, timu ya New York, walikuwa wamekwisha kutwaa ubingwa wa ligi yao, na Red Sox walikuwa wa saba kati ya timu nane. Michezo ile mitatu isingebadilisha chochote. Isitoshe, wanaoifuatilia historia yake husimulia kwamba alikuwa ameamua kutokwenda New York kabla ya mchezo kuanza. Ikiwa ndivyo, hakuusubiri mpira uvuke uzio ndipo aage, na zamu yake ya mwisho ingeweza pia kuwa ya kushindwa, kwa mfano mpira wake kudakwa, naye angeondoka vilevile.

Tena tazama yaliyomkuta mpigaji mwingine mashuhuri, Babe Ruth. Tarehe 25 Mei 1935, akiichezea Boston Braves mjini Pittsburgh, alipiga homurani tatu katika mchezo mmoja, ya mwisho ikiwa ya 714 na ikipita juu ya paa la uwanja wa Forbes Field. Angeacha siku ile, nani angemlaumu? Aliendelea kwa siku tano nyingine bila kupata pigo hata moja la mafanikio, akaumia goti, akastaafu mwanzoni mwa Juni.

Mtoa mada:
Kwangu mimi, siku zile tano hazimpunguzii Ruth kitu. Watu wa miji iliyofuata walikuwa wamenunua tiketi ili wamwone, nao walimwona, hata kama walimwona amechoka. Derek Jeter naye, tarehe 25 Septemba 2014, aliipatia Yankees ushindi kwa pigo la mwisho la mchezo wake wa mwisho nyumbani, uwanja mzima ukisimama. Bado alisafiri hadi Boston, na zamu yake ya mwisho ikawa kipigo hafifu ambacho mpira wake haukutoka hata eneo la ndani, lile la karibu na vituo. Ule ndio mwisho ninaouheshimu, ingawa hauvutii kwenye picha.

Mchangiaji wa pili:
Ninyi nyote mmelichukulia neno «mwisho» kana kwamba lina maana moja. Mickey Cochrane wa Detroit Tigers alipiga homurani huko New York tarehe 25 Mei 1937; aliporudi kupiga katika mchezo huo huo, mpira uliorushwa na Bump Hadley ulimpiga kichwani na kumvunja fuvu, kwa kuwa wapigaji wa wakati ule hawakuvaa kofia ngumu. Hakucheza tena. Kwa kanuni za kumbukumbu, mpigaji aliyegongwa na mpira hahesabiwi kuwa ametumia zamu, na kwa hiyo vitabu humweka Cochrane katika orodha moja na Williams, miongoni mwa waliomaliza kwa homurani. Kabla hatujaamua kama Williams alistahili sifa hiyo, ningependa mtoa mada atueleze kama anaikubali orodha yenyewe, maana mimi siikubali.